Kuhama kutoka Dallas kwenda Maine na risasi garini: naomba ushauri

Mhamaji wa Dallas ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Mwezi ujao, Mungu akipenda, familia yangu inahama kutoka Dallas, Texas, kwenda Portland, Maine, ambako mke wangu amepata kazi ya uuguzi. Vyombo vya nyumbani vitachukuliwa na kampuni ya kuhamisha mizigo, lakini katika orodha yao ya vitu wasivyopokea, pamoja na mitungi ya gesi, rangi na petroli, wameandika pia risasi na baruti, nami sina ubishi nao. Posta nayo haipokei risasi kabisa. Kwa hiyo imebaki nizisafirishe mwenyewe kwa gari, safari ya zaidi ya kilomita 3,000.

Nina bastola ya milimita 9, bunduki ndogo ya 22 ya kulenga shabaha, na shotigani ya geji 12, zote nilizinunua kihalali baada ya kupata ukaazi wa kudumu. Risasi zilizopo ni 1,000 za bastola, 1,000 za 22, na 250 za shotigani, pamoja na mfuko mmoja wa risasi alizozijaza mwenyewe jirani yangu mzee, ambaye alinipa zawadi alipoacha kwenda uwanja wa shabaha.

Tuna magari mawili: sedani yenye buti, na gari kubwa la familia ambalo nyuma yake imeungana na viti. Nilikuwa nimepanga risasi zote zikae kwenye buti la sedani, iendeshwe na mdogo wangu aliye hapa kwa visa ya mwanafunzi, nami niendeshe gari la familia na watoto ili wao wasiwe karibu na risasi. Naomba kujua kama mpango huu unafaa, kama kuna vibali vya kuomba katika majimbo tutakayopita, na kama joto la Julai linaweza kuzilipua risasi ndani ya buti.

Mama wa Lewiston amejibu:

Kaka, karibuni sana Maine. Kabla ya mengine yote, nakusihi mdogo wako asiendeshe gari hilo. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia kwa visa ya muda, ikiwemo ya mwanafunzi, kumiliki au kuwa na silaha au risasi. Kuna misamaha michache, kwa mfano kwa mwenye leseni halali ya uwindaji, lakini huo si msamaha wa kuutegemea ukiwa umesimamishwa barabarani usiku. Tangu mwaka 2022 adhabu ya juu ya kosa hilo ni kifungo cha miaka 15, na baada ya kifungo kuna suala la kurudishwa nyumbani. Kusema kwamba risasi ni za kaka yake hakutamsaidia, kwa sababu aliyeshika usukani na ufunguo wa buti ndiye atakayehesabiwa kuwa nazo mkononi.

Wewe mwenye ukaazi wa kudumu hauguswi na katazo hilo, na mkimbizi aliyepokewa rasmi vilevile haguswi. Anayesubiri uamuzi wa ombi la hifadhi, na huku Maine ndugu zetu wengi kutoka Kongo wako katika hali hiyo, asishike hata risasi moja kabla ya kuzungumza na wakili wa uhamiaji. Naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu watu wetu huona bunduki zikiuzwa dukani karibu na viatu vya mvua, wakadhani kinachouzwa wazi kinaruhusiwa kwa kila mtu.

Dereva wa Njia 81 amejibu:

Ndugu Mhamaji, dada hapo juu ametangulia kwa lililo zito zaidi, nami nitaeleza njia yenyewe, kwa kuwa nimeipita mara nyingi.

Hakuna kibali cha kuomba katika kila jimbo. Kinachokulinda ni sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 ya kuwalinda wenye silaha, ambayo kifungu chake cha safari kinajulikana kwa namba 926A. Kinaruhusu kusafirisha silaha kutoka mahali unaporuhusiwa kuwa nayo hadi mahali pengine unaporuhusiwa kuwa nayo, hata kama katikati yake kuna jimbo lenye masharti makali, ilimradi silaha haina risasi ndani, na silaha yenyewe pamoja na risasi haviwezi kufikiwa kwa urahisi kutoka sehemu wanapokaa abiria. Ikiwa gari halina sehemu ya mizigo iliyotengwa, kama lile lako kubwa, lazima viwe ndani ya chombo kilichofungwa kwa kufuli, na sheria imetaja waziwazi kwamba droo ya dashibodi na kisanduku cha kati ya viti havihesabiki. Texas inakuruhusu na Maine inakuruhusu, kwa hiyo miisho yote miwili ya safari yako iko sawa. Ungekuwa unahamia Massachusetts ningekuandikia mambo mengine kabisa, kwa sababu huko kuwa na risasi tu, hata bila bunduki, kunahitaji leseni inayotolewa na polisi wa mji unaoishi.

Kutoka Dallas utashika barabara namba 30 hadi Little Rock, kisha namba 40 kupitia Nashville, na baada ya Knoxville utaingia namba 81, ambayo itakupandisha Virginia yote, ikukatishe pembe ya West Virginia na kipande cha Maryland kisichofika kilomita 20, hadi Pennsylvania. Karibu na Scranton ndipo unapoiacha na kushika namba 84, na hapo sheria za majimbo zinabadilika kwa haraka: kama kilomita 115 ndani ya New York, kisha Connecticut, kisha Massachusetts mpaka utokee New Hampshire. Usihangaike kutafuta njia ya kuikwepa New York, kwani kutoka kusini haiwezekani kuingia eneo la New England, yaani Connecticut, Massachusetts, New Hampshire, Maine na jirani zake, kwa gari bila kuikanyaga, labda uzunguke Kanada, na mpaka wa Kanada usiukaribie kabisa ukiwa na risasi.

Ushauri wangu ni huu: lala Scranton au kabla yake. Kutoka hapo hadi Portland ni kama kilomita 600, mwendo wa mchana mmoja hata kwa familia yenye watoto. Kifungu kile kinamlinda mtu aliye safarini, na kusimama kujaza mafuta au kula ni sehemu ya kawaida ya safari, lakini kulala hotelini katika jimbo lenye masharti na mzigo ukiwa chumbani ni kuutoa mwili nje ya mwavuli. Mwaka 2005 msafiri mmoja wa Utah alikosa ndege ya kuunganisha huko Newark, New Jersey, akarudishiwa begi lake lenye bastola na risasi zilizofungiwa, akalala nalo hotelini, na asubuhi alipolirudisha uwanjani akakamatwa. Mashtaka yalifutwa baadaye, lakini alipodai haki yake mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua mwaka 2010 kwamba kifungu hicho hakikumfunika, kwa kuwa mzigo ulikuwa mikononi mwake usiku ule. Mtu huyo hakuwa na nia yoyote mbaya. Nimewaza habari zake kila nilipopita upande ule.

Kuna jambo moja zaidi ambalo hukuliuliza. Magazini, yaani visanduku vya kupakia risasi, za bastola za milimita 9 zinazouzwa Texas kwa kawaida huchukua risasi 15 au 17, na New York, Connecticut na Massachusetts zimeweka kikomo cha 10. Kifungu cha 926A kinataja silaha na risasi. Neno magazini halimo. Ningekuwa wewe ningeziuza au kuziacha kwa rafiki anayeruhusiwa kuwa nazo huko Dallas, kisha nikanunua nyingine Maine, ambako kikomo hicho hakipo. Bei yake haifiki hata ya saa moja ya wakili.

Mlenga Shabaha amejibu:

Nitajibu hofu ya joto na mlipuko, kwa kuwa ndiyo inayowanyima usingizi wazazi wengi.

Buti la gari katika jua la Texas linaweza kupita nyuzi 50, na hilo si joto la kuwasha baruti ya kisasa, ambayo huhitaji zaidi ya nyuzi 150. Joto la muda mrefu huizeesha baruti, ndiyo maana risasi hazihifadhiwi garini kwa miezi, lakini siku nne za safari haziidhuru. Mtikisiko wa barabara pia hauilipui risasi, kwa sababu fataki, yaani kiwashio cha baruti kilicho kitakoni, huhitaji pigo kali la sehemu moja ndogo. Hata gari likishika moto, risasi isiyo ndani ya mtutu haifyatuki kama ya bunduki: hakuna bomba la kuubana mgandamizo, kwa hiyo ganda hupasuka na vipande vyake kuruka karibu, huku kichwa cha risasi kikisogea kidogo tu. Vipande hivyo vinaweza kuumiza jicho, lakini havina nguvu ya kutoboa mlango wa gari. Kukitokea moto, toeni watoto, sogeeni mbali, na waambieni wazimamoto kilichomo.

Linalohitaji akili zaidi ni uzito na upangaji. Risasi 1,000 za milimita 9 zina uzito wa kama kilo 12, zile 1,000 za 22 kama kilo 3 na nusu, na 250 za shotigani kama kilo 11 au 12. Jumla si mzigo mzito kwa sedani, lakini ni mzito kwa sanduku moja la plastiki lenye mpini mwembamba. Gawanya katika masanduku mawili ya chuma yenye mpira kwenye kifuniko, weka mfuko mdogo wa kunyonya unyevu katika kila moja, tia kufuli, kisha uyasukume hadi yagusane na migongo ya viti na kuyafunga kwa mkanda, kwa maana katika breki ya ghafla sanduku la kilo 13 huenda na kasi ya gari.

Acha kila risasi katika boksi lake la dukani. Nyumba inapohamishwa vitu huchanganyika, na mchanganyiko wa risasi ni hatari kuliko safari yenyewe. Risasi ya shotigani ya geji 20, ambayo ni nyembamba kuliko ya geji 12, ikitumbukizwa kwa makosa katika bunduki ya geji 12 huteleza na kukwama mbele ya chemba, yaani mahali risasi inapokaa, bunduki ikaonekana tupu, na mtu akitia ya geji 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka mkononi. Ndiyo sababu watengenezaji wa Marekani huzipaka za geji 20 rangi ya njano. Ule mfuko wa jirani yako usiuchukue. Hujui aina ya baruti wala kipimo alichotia, na ukiona ganda lenye ukungu wa kijani hiyo ni kutu ya shaba. Piga simu polisi au zimamoto wa mtaani, uwaulize wanapokelea wapi risasi za kutupwa, na usizitie kwenye pipa la taka.

 

Baba Wawili amejibu:

Wenzangu wamesema kuhusu risasi anazozijua Mhamaji. Mimi nataka kusema kuhusu ile asiyoijua.

Miaka michache iliyopita tulihama kutoka Georgia kwenda New Hampshire, na nilijisifu moyoni kwamba nimefunga kila kitu kwa kufuli mbili. Tulipokuwa tunajaza mafuta Connecticut usiku, binti yangu wa miaka sita alinyoosha kiganja chake kwenye mwanga wa taa ya pampu akaniuliza, "Baba, hii ni ncha ya kalamu gani?" Ilikuwa risasi moja ya 22, ndogo kama punje ya harage, yenye kichwa cha kijivu kilicho na alama ya meno ya mtoto. Aliitoa kwenye reli ya kiti, ilikodondoka siku nyingi kabla, niliporudi kutoka uwanja wa shabaha na boksi lililofunguka. Nilimnawisha mikono na uso kwa maji ya chupa mara tatu, kwa sababu kichwa kile ni cha madini ya risasi, na madini hayo ni sumu kwa mtoto. Kisha nilibaki nimesimama pale nikiwa na risasi iliyo huru mkononi, ndani ya jimbo ambalo sikuwa na kibali chake, mpaka nikaipeleka kwenye buti na kuifungia pamoja na nyingine.

Kwa hiyo, ndugu yangu, siku mbili kabla ya kuondoka, toa mazulia ya magari yote mawili, sogeza viti mbele na nyuma, pitisha mashine ya kufyonza vumbi, na umulike kwa tochi chini ya reli. Kagua pia mifuko ya makoti, begi ulilokuwa ukiendea uwanjani, na kiti cha mtoto.

Mhamaji wa Dallas ameandika tena:

Nawashukuru nyote, na wewe dada wa Lewiston nakushukuru zaidi, kwa sababu mdogo wangu alikuwa tayari ameshapewa ufunguo wa akiba wa sedani. Jana usiku nimeuchukua na kumweleza sababu, naye amenyamaza kwa muda mrefu.

Tumepanga upya. Sedani nitaiendesha mwenyewe, silaha na risasi zikiwa zimefungiwa kwenye buti, na mke wangu ataendesha gari la familia pamoja na watoto, mdogo wangu akimpokea usukani anapochoka, kwa kuwa ndani ya gari hilo hakutakuwa na risasi hata moja. Tutalala Little Rock, kisha Knoxville, kisha Scranton, na siku ya nne tutatoka alfajiri. Magazini nimezitangaza kwa rafiki. Zimamoto wa mtaani wamenielekeza kituo cha polisi kinachopokea risasi kuukuu, na mfuko wa jirani nitaupeleka Jumatatu.

Leo jioni nimesogeza viti vya magari yote mawili. Katika gari la familia sikukuta kitu. Katika sedani, chini ya kiti cha abiria, nimekuta mbili za 22.