Tulipanda Mlima Rungwe watu sita, wakashuka watano, na kiongozi akasema nimetangulia

Ndugu wanajukwaa,

Mimi ni mkazi wa Mombasa. Mwezi Julai nilichukua likizo yangu ya mwaka, nikavuka mpaka peke yangu na kusafiri kwa basi hadi Mbeya, kwa kuwa miaka mingi nimesikia habari za Nyanda za Juu Kusini na nilitaka kuziona kwa macho yangu. Naandika uzi huu nikiwa nimekwisha rudi nyumbani, kifundo cha mguu kikiwa bado kimefungwa bendeji, na nimengoja siku kumi na moja ili wahusika wanijibu kwanza faraghani. Hawakunijibu. Jana nimeona kwamba yule aliyetuongoza anakusanya tena fedha za watu kwa ajili ya kupanda mlima Loleza na kilele cha Mbeya mwezi ujao, na ndiyo maana sitanyamaza tena. Sitamtaja jina. Yeye anajijua, na waliokuwamo wanamjua.

Tulikutana katika nyumba ya wageni pale Tukuyu: yeye ni bwana wa makamo kutoka Dar es Salaam, walikuwapo mume na mke kutoka Nairobi, vijana wawili waliokuwa wakitembea kwa mapumziko ya chuo, na mimi. Hakuna aliyemjua mwenzake kabla ya wiki ile. Alhamisi tulikwenda pamoja Ziwa Ngosi, lile lililomo ndani ya kreta, na safari ile ilikwenda vizuri. Mwinuko wa mwisho unakata pumzi, lakini ni mwendo wa saa chache, na kila mtu alimngoja mwenzake. Nasema hivi kwa sababu wapo watakaoniuliza kwa nini niliwaamini watu nisiowajua. Niliwaamini kwa yale niliyoyaona Alhamisi.

Usiku ule alitoa wazo la kupanda Rungwe siku ya Jumamosi. Alisema amepanda Kilimanjaro mara mbili. Kila mmoja alitoa shilingi 60,000 za Tanzania, jumla shilingi 360,000, na katika mgawanyo aliotuandikia kwa mkono wake kwenye kundi letu la WhatsApp zilikuwamo gari, ada ya kuingia hifadhini, chakula, na posho ya mwongozaji kutoka kijijini. Mimi nilitoa siku hiyo hiyo na kwa furaha, kwa kuwa Rungwe ni msitu wa kipunji, yule kima ambaye wenyeji walikuwa wakimwita kwa jina hilo kabla watafiti hawajamthibitisha mwaka 2003, na ambaye hapatikani nje ya Tanzania. Sikuwa na tamaa ya kumwona; kutembea katika msitu wake kungenitosha.

Tulikubaliana kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Tuliondoka Tukuyu saa mbili na nusu, kwa sababu kiongozi alikuwa bado amelala na gari lilikuwa halijaambiwa saa. Tulipofika Isongole, kijiji cha chini ya mlima, sikuona mwongozaji. Nilimwuliza, "Kaka, mwongozaji yuko wapi?" Akanijibu mbele ya wote, "Dada yangu, usiwe na hofu. Njia naijua, na mlima huu ni nusu ya Kilimanjaro. Hiyo posho tutaila nyama jioni." Nikamwambia kwamba tulikubaliana vingine na fedha tulitoa. Wenzangu wanne waliangalia chini. Hakuna aliyesema neno.

Hebu niseme kuhusu hiyo nusu ya Kilimanjaro, kwa maana ndilo neno linalowadanganya wengi. Ni kweli kwamba Rungwe una mita 2,960 hivi na Kilimanjaro una mita 5,895. Lakini Kilimanjaro hairuhusiwi kupanda bila mwongozaji mwenye leseni. Njia zake zimekanyagwa na maelfu ya watu, na wasaidizi wa mwongozaji hutembea mkiani ili asibaki mtu nyuma. Yeyote aliyefika Uhuru, kilele chake, na kurudi salama alirudi kwa sababu kulikuwa na watu waliolipwa kumhesabu. Rungwe hauna umati huo. Una msitu wa mvua, tope, mizizi, mianzi iliyosongamana hadi huoni hatua kumi mbele, na juu yake nyasi ndefu na ukungu unaoshuka bila kubisha hodi. Tena ni hifadhi ya mazingira asilia, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na anayeingia hutakiwa kujiandikisha. Siku mbili baadaye nilikwenda kuuliza kwa upole, nikaonyeshwa daftari. Majina yetu hayakuwamo. Maana yake ni kwamba ningebaki kule usiku kucha, asingekuwapo mtu hata mmoja mwenye wajibu wa kunitafuta, kwa kuwa kwa maandishi sikuwa nimepanda mlima wowote.

Tulianza kupanda karibu saa nne, muda ambao watu wanaojua mlima huwa wamekwisha fika mbali. Tulipita mashamba ya viazi, kisha misonobari, ndipo tukaingia msituni. Kabla ya kuingia, kiongozi alisema niko mzito kwa sababu ya mzigo, akanyosha mkono na kusema, "Lete koti nikubebee." Nikampa koti langu la mvua, zito, la rangi ya bluu, nikabaki na fulana ya pamba na sweta jepesi. Kwenye mianzi mwendo wangu ulipungua. Mimi ni mtu wa pwani na sijazoea miinuko, hilo sikulificha tangu mwanzo, na katika kundi letu niliandika kwamba nitahitaji kwenda polepole. Mpaka saa saba mchana walikuwa wakinitangulia na kunisubiri, kisha kila nilipowafikia wakainuka na kuondoka, kwa hiyo wao walipumzika na mimi sikupumzika kamwe. Mara ya mwisho kumwona mtu ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Yule dada wa Nairobi aligeuka akapaza sauti, "Tukutane juu penye uwazi." Mianzi ikawafunika.

Dakika chache mbele njia ilikuwa imegawanyika mara mbili. Zote mbili zilikuwa na tope na nyayo. Nilisimama nikapiga filimbi, nikangoja, nikapiga tena. Nilipita ya kushoto kwa sababu ilionekana pana zaidi, na baada ya nusu saa niligundua kwamba haipandi: ilikuwa ikizunguka mlima na kwisha kwenye mianzi iliyokatwa. Nikarudi nyuma. Wakati huo mvua nyembamba ilikuwa imeanza, ingawa Julai ni kiangazi. Mlima ule hutengeneza hali yake wenyewe.

Wapo waliokwisha niandikia kwamba baridi si jambo la kulia. Naomba waelewe. Kwa kadiri, kila unapopanda mita 100 joto hupungua kama nyuzi 0.6, na pamba ikilowa jasho na mvua haikupi joto tena, inakunyang'anya. Ukisimama na upepo ukakupiga, mwili hupoteza joto upesi kuliko unavyoweza kulitengeneza. Unatetemeka. Vidole vinakataa kufunga kamba ya kiatu. Ulimi unakuwa mzito, kisha unaanza kutaka kuketi na kulala, na hapo ndipo watu hufa, hata mahali pasipo na theluji. Mimi nilifika kwenye hatua ya kamba ya kiatu. Nilipiga magoti kwenye tope nikishika kamba ile kwa meno, na nilijua kabisa kwamba koti langu lilikuwa linapanda kileleni mgongoni mwa mtu mwingine.

Saa kumi niliamua kushuka. Mwamba wa mlima ungenisamehe, giza lisingenisamehe, na simu ilikuwa imebakiwa na asilimia kumi na moja, bila mtandao. Nilianguka mara nyingi. Kifundo kiligeuka kwenye mzizi nikiwa nimekwisha ona misonobari chini yangu, na jua lilipozama nilikuwa nakwenda kwa makalio, nikishika nyasi.

Nilisikia mbwa, kisha sauti ya mtu mzima. "Nani huko?"

"Shikamoo, baba. Nimepotea."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo hapo ulipo, usitembee. Nakuja."

Alikuja na kurunzi na mwanawe, wakanishika huku na huku hadi kwenye kibanda chao cha kulindia viazi visiliwe na nguruwe pori. Mkewe aliitwa kutoka nyumbani. Alinivua nguo zilizolowa, akanifunga vitenge viwili vikavu, akanipa chai ya tangawizi na viazi vya kuchoma, akawa ananisugua mikono bila kuniuliza lolote mpaka meno yalipoacha kugongana. Ndipo mzee aliponieleza jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike.

Asubuhi alituona tukipita kando ya shamba lake, akahesabu watu sita. Jioni, kabla ya saa kumi na mbili, aliwaona wakishuka, akahesabu watano. Akatoka shambani, akawasimamisha, akawauliza, "Mwenzenu mmoja yuko wapi?" Aliyekuwa mbele akamjibu, "Ametangulia." Wengine wanne walikuwa wamesimama hapo hapo wakisikia. Wakaingia kwenye gari. Mzee alisema hakuwa ameniona nikipita, na kwa kuwa shamba lake lipo kando ya njia, hesabu ile haikumkubalia, akaamua asiende kulala nyumbani usiku ule.

Mtu asiyetujua, asiyelipwa na yeyote, alituhesabu tukipanda na akatuhesabu tukishuka. Watu watano waliokula nami meza moja kwa siku tatu hawakufanya hivyo, na mmoja wao alidanganya.

Sasa nisikilizeni maelezo yao. Nilipofikishwa Tukuyu kwa bodaboda usiku wa saa nne, kiongozi aliniambia, "Tulidhani umegeuka mapema ukarudi." Kama alidhani nimegeuka na kurudi, kwa nini alimwambia mzee nimetangulia? Na kama aliamini lolote kati ya hayo mawili, kwa nini hakubisha mlango wa chumba changu aone kama nimo? Mlango wangu na wake vinatazamana. Nilipofika pale nilikuta koti langu limetundikwa kwenye kitasa, likiwa kavu. Mtu aliyelitundika alisimama mbele ya mlango wa chumba chenye giza, akajua mwenye koti hayumo, akaenda kula.

Yule kaka wa Nairobi ameandika kwenye kundi kwamba mlimani kila mtu anajibeba mwenyewe. Nakubali kwamba miguu yangu ni yangu. Lakini mwendo wa kundi huwekwa na aliye nyuma kabisa, na asiyetaka mwendo huo husema asubuhi, kabla ya kuchukua fedha ya mwenzake na kabla ya kuchukua koti lake. Kundi likiona linachelewa, hupanga saa ya kugeuka na hugeuka lote, hata kilele kikiwa kinaonekana. Tulioanza saa nne tulipaswa kugeuka saa nane, tuwe tumefika au hatujafika. Wale vijana wawili siwalaumu sana, ni wadogo na walimfuata mkubwa, na mmoja wao amenipigia simu akilia. Yeye pekee ndiye aliyeniomba radhi.

Ninachokitaka ni haya. Ile picha ya kileleni yenye maneno "timu nzima imefika" irekebishwe, kwa sababu mimi sikufika na sikuwamo. Posho ya mwongozaji ambayo haikulipwa kwa mwongozaji yeyote irudishwe, nami sitaki hata shilingi yake: ipelekwe Isongole kwa mzee yule, ambaye nilipomfungulia pochi alinisukumia mkono wangu nyuma na kuniambia nitumie fedha hiyo kwa dawa ya mguu. Nilichoweza kumpa ni ndaga fijo, yaani asante sana, kwa Kinyakyusa changu cha wiki moja.

Na ninyi mnaotaka kwenda naye mwezi ujao, msimlipe kabla hamjamwona mwongozaji kwa macho yenu na majina yenu hayajaandikwa mbele yenu. Koti lako libebe mwenyewe.

Kwako wewe uliyekuwa mbele: ujumbe wangu wa Jumatatu una alama kwamba umeusoma. Mzee alikuuliza swali moja, nami nimekuuliza lile lile. Najua unapita humu kila siku. Jibu hapa.