Naomba ushauri: faiba (intaneti ya waya) ya nyumbani hapa Nyegezi

Wakuu, habari za jioni. Nipo Nyegezi, Mwanza, nyumba iko juu kwenye mawe. Rauta ya laini ya simu inanitesa: mchana afadhali, ikigonga saa mbili usiku video inazunguka tu. Shemeji yuko Kisumu ananitambia Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoanza Kenya 2023. Kebo za intaneti za baharini kama SEACOM zinatua Dar tangu 2009, sisi tuko mbali, sawa. Lakini Kisumu nayo haina bahari! Fundi ananiuzia faiba ya megabiti 20 kwa sekunde, yaani megabaiti 2.5 tu ukipakua. Walioko Kisumu, Kampala na Kigali, mnalipa ngapi kwa mwezi, na usiku kasi inabaki ileile? Na wa Mwanza: hiyo faiba inapanda mlimani kweli, au nguzo nitanunua mwenyewe?