Mrejesho: MGB ya 1965 iliyokuwa ikipoteza presha ya oili kwenye kona

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Kwa waliochelewa: niliuliza kwa nini MGB yangu (gari dogo la michezo la Kiingereza) ninayoshindania mbio za magari ya zamani, injini ya cc 1798, sindano ya geji ya presha ya oili inaporomoka kila nikishika kona ndefu ya kulia, halafu ikinyooka barabara inapanda yenyewe.

Wengi mlisema oili inakimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), pampu inabaki kunyonya hewa. Ndicho kilichokuwepo. Nikabadilisha geji kwanza, kama alivyosisitiza mkuu mmoja, kuhakikisha haidanganyi. Haikuwa inadanganya. Tukashusha sampu, fundi akachomelea vibati vya kuzuia oili kuzunguka mdomo wa pampu, kimoja kikiwa na kijimlango cha bawaba kinachoruhusu oili kuingia lakini si kutoka. Beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) zilishaanza kuchubuka, rangi ya shaba inaonekana, tukaweka mpya. Hapo mliniokolea injini.

Ushauri wa kuzidisha oili juu ya alama haukunifaa: ilitoka kwa bomba la kupumulia, ikajaza kopo la kukingia.

Sasa kona zote sindano imetulia, isipokuwa ile ndefu kuliko zote, ambapo bado inacheza kidogo oili ikishachemka. Hapo naachia pedeli ya mafuta mapema, nafasi moja kwenye mbio inapotea, basi.

Aliyesema niuze ninunue gari la kisasa: nimekusikia mkuu, ila hapana. Wengine wote, asanteni sana.