Kikundi cha simu cha "Watoto wa Ngamiani", Tanga: mbuzi ya kwenda Marseille, Ufaransa

ALHAMISI

Hamza: Ndugu zangu, tiketi imetoka. Naondoka Jumanne usiku, Jumatano mchana nipo Paris, jioni nashuka Marseille kwa treni inshallah. Mafunzo ni wiki 3. Mwenye mzigo wa dada Zuhura aulete mapema, nina kilo 23 tu na nguo zangu zimo humo humo.

Rehema: Alhamdulillahi. Zuhura umesikia?

Zuhura: Nimesikia dada, nimo kwenye basi machozi yananilenga. Karibu sana mdogo wangu. Nuru tangu jana anahesabu siku kwa vidole.

Zuhura: Shikamoo shangazi, nimeona umeingia.

Shangazi Saumu: Marahaba mwanangu. Hamjambo huko? Mjukuu wangu hajambo?

Zuhura: Hatujambo shangazi. Joto limeanza, kama Tanga ya Januari.

Rehema: Mama yuko hapa kwenye jamvi, mimi mwandishi wake leo. Anasema Hamza achukue samli chupa 2 aliyoichemsha mwenyewe, nyama aliyoikausha kwa chumvi na pilipili manga, na machungwa ya Muheza, ndiyo yameanza kuingia sokoni.

Zuhura: Mama shikamoo. Nisamehe mama yangu, samli na nyama viache. Nyama na kitu chochote cha maziwa haviingii Ulaya kwenye mzigo wa abiria anayetoka kwetu, hata kama ni kidogo cha kula mwenyewe. Shangazi anakumbuka.

Shangazi Saumu: Nakumbuka sana. Samli ya wifi yangu ilibaki uwanjani, kwenye pipa. Yule kijana alikuwa na adabu zake, kaniambia pole mama. Lakini moyo uliniuma mpaka nafika kwako, sikuweza hata kukwambia siku ile ile.

Zuhura: Na machungwa hayapiti bila cheti cha wakaguzi wa mimea. Matunda yanayopita bila cheti ni 5 tu: nanasi, ndizi, tende, duriani na nazi. Samaki wamelegezewa, mtu anaruhusiwa mpaka kilo 20.

Rehema: Mama anauliza, nazi inapita?

Zuhura: Nazi inapita mama.

Rehema: Kanyamaza kidogo. Sasa kaniambia nimwite kijana wa kupanda mnazi wa uani.

Hamza: Mama nazi ngapi? Nazi 6 zilizofuliwa ni kama kilo 4.

Rehema: Anasema 6 hizo hizo. Na ng'onda, wale samaki wakavu wa Pangani. Na iliki ya Amani, hiyo haina uzito.

Baba Nuru: Ng'onda! Hamza mfunge karatasi 3 juu ya mfuko, abiria wenzako wasikuchukie. Ahsante sana mama.

Zuhura: Mimi nina ombi moja tu. Naomba mbuzi.

Hamza: Mbuzi gani tena dada, si umesema nyama haipiti?

Zuhura: Mbuzi YA kukunia nazi, si mbuzi wa kuchinja 😊 Ile ya zamani ya mama, yenye kiti kilichong'aa kwa kukaliwa. Isipokuwa mama mwenyewe bado anaikalia, basi hata mpya ya sokoni.

Idi (Muskati): Dada Zuhura, si unatumia tui la kopo huko? Hata hapa Muskati, na nazi za Salala zipo, wengi wetu tumehamia kwenye unga na makopo.

Zuhura: Natumia kopo Idi, mwaka wa 8 huu. Si kwamba halifai, wali unaiva. Ngoja nishuke kwenye basi niwaeleze vizuri.

Zuhura: Nimefika. Iko hivi. Juzi nimefungua kopo, Nuru kasimama pembeni yangu, kaniuliza: mama, tui linatoka kwa mnyama gani? Miaka 7. Maziwa ya ng'ombe anayajua yanakotoka, shule iliwapeleka shambani wakaona ng'ombe akikamuliwa. Lakini tui kwake ni kitu cheupe cha ndani ya kopo. Nikamwambia ni nazi, nikamwonyesha picha. Akasema sawa. Hiyo "sawa" yake ndiyo iliyoninyima usingizi.

Shangazi Saumu: Subhanallah. Na mtoto wa Tanga huyo.

Zuhura: Nazi zipo hapa shangazi, soko la Noailles zinauzwa. Lakini nyingi zimekaa mno, ukivunja harufu inakupiga kabla hujaona nyama yake. Nilishavunja 3 mbele ya Nuru zote mbovu. Akaamua nazi ni kitu kinachooza.

Rehema: Mama anasema hukuzitikisa. Nazi nzima hutikiswa sikioni kwanza. Isipolia maji, iache.

Zuhura: Nilitikisa mama. Zililia kidogo tu, nikajipa moyo.

Rehema: Anasema hakuna kujipa moyo kwenye nazi.

IJUMAA

Shangazi Saumu: Zuhura, mimi usiku nimekufikiria. Unakula kweli mwanangu? Usije ukawa unatuficha.

Zuhura: Nakula shangazi, tena vizuri, na sisemi hivyo kukufurahisha. Mji huu wanajua kula. Asubuhi nikipata nafasi nashuka Bandari ya Zamani, wavuvi wanauza wenyewe juu ya meza pale pale gatini, pweza bado anajikunja. Kuna mkundaji, tena mwekundu kama wa kwetu, na kuna dorade, sura yake changu mtupu. Huyo ndiye ninayempaka.

Zuhura: Kuna kitu wanaita panisse. Unga wa dengu, unausonga na maji na chumvi mpaka ushike, unamimina kwenye visahani, ukipoa unakata na kukaanga. Siku ya kwanza niliununua kule L'Estaque, ufukweni, nikauma, nikakaa kwenye ukingo wa bahari nikalia. Ladha ilikuwa ya bajia za Mama Kijakazi pale kona. Sura si yenyewe, viungo havimo, lakini dengu ni dengu.

Rehema: 😢

Zuhura: Na mrehani je! Sisi tunautia kwenye kikuba pamoja na asumini, tunavaa. Hawa wanautwanga na kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, wanautia kwenye supu ya maharage na mboga za kiangazi. Jirani mmoja bibi wa hapa hapa alinipa bakuli. Nilipoinama kunusa nikasikia nywele za mama siku ya harusi ya Rehema.

Shangazi Saumu: Mrehani kwenye supu ya maharage?

Zuhura: Ndiyo shangazi, na ni tamu wallahi. Nitakupikia ukija tena.

Shangazi Saumu: Hamza, ukirudi nieleze hiyo supu sawasawa.

Baba Nuru: Na mkate mama! Mikate yao ile mirefu. 2022 UNESCO iliuingiza ufundi wake kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Nuru ndiye anayetumwa, na hajawahi kuufikisha nyumbani una ncha zote 2.

Zuhura: Watoto wote wa hapa ndivyo wanavyofanya, mama. Mkate ukiwa wa moto ncha inaliwa njiani.

Rehema: Mama anasema ni kama wewe na chapati za kwa Mzee Bakari. Ulikuwa unaleta 4 kati ya 5.

Rehema: Anauliza shuleni mtoto anakula nini.

Zuhura: Shuleni mama wanakaa mezani kama watu wazima. Kwanza kachumbari au supu, kisha chakula chenyewe, kisha jibini au mtindi, kisha tunda. Siku moja kwa wiki hakuna nyama wala samaki, ndiyo sheria kwa shule zote tangu 2019. Halafu saa 10 na nusu jioni, watoto wakitoka, kila mzazi ana kitumbua chake mkononi mlangoni. Namaanisha mkate mtamu, chokoleti, tunda. Ni chai ya saa 10 ile ile ya kwetu, ila inaliwa barabarani. Mimi Ijumaa humpelekea kalimati. Wenzake sasa wananijua, wananisubiri.

Idi (Muskati): Hiyo safi sana.

Zuhura: Kwa hiyo shangazi, njaa sina. Kinachoniuma ni kwamba Nuru anakula vya kwetu kama anavyokula vya wengine, vinatua tu kwenye sahani. Mimi samaki wa kupaka namjua tangu mlio wa mbuzi alfajiri. Krr, krr, krr. Nikiusikia nikiwa kitandani najua leo kuna kitu. Yeye hana mlio wowote.

Rehema: Mama kaniomba simu. Subiri.

Mama: [ujumbe wa sauti, dakika 1]

Rehema: Kwa mliopo penye kelele, hamtasikia: anasema mbuzi yake ya zamani Hamza ataichukua, hiyo hiyo. Anasema aliikuta kwa mama mkwe wake, na meno ya chuma alibadilishiwa mara moja tu, fundi wa kule barabara ya 12. Yeye atanunua mpya.

Zuhura: Mama hapana, mpya inatosha.

Rehema: Anasema mpya haijui kazi.

JUMATATU

Zuhura: Jamani leo kumetokea jambo. Mwalimu wa Nuru kaniita pembeni, uso wa wasiwasi. Nuru kalieleza darasa zima kwamba mjomba wake anakuja Jumatano kwa ndege na mbuzi wa bibi, mbuzi mzee sana, na kwamba mama yake atamkalia mgongoni jikoni.

Rehema: 😂😂 Mama kaanguka ubavu.

Hamza: Sasa mimi nitafika hapo na sifa hiyo?

Zuhura: Darasa limeshamchora. Ana ndevu. Mwalimu alitaka kujua kama tuna kibali cha mnyama 😂 Nikamweleza, naye akacheka sana. Akasema mtoto alete picha ya mbuzi yenyewe.

Zuhura: Lakini nilipofika nyumbani nikafikiri. Nuru hakudanganya. Neno analo, mbuzi. Kifaa hakijui, basi neno limemwangukia mnyama. Na maneno mengine hana kabisa: kifumbu, machicha, kifuu, upawa. Ataambiwa na nani, kopo?

Shangazi Saumu: Kweli mwanangu.

Hamza: Dada, kifumbu cha kuchujia tui nacho natia. Hakizidi gramu 100. Mbuzi itakwenda sanduku la chini, yale meno mkononi hawataniruhusu.

JUMATANO

Hamza: Nimetoka. Paris. Sanduku limefunguliwa, wameona nazi, wameona ng'onda, mmoja kashika mbuzi anaigeuza geuza. Nikamwonyesha kwa mikono, kakaa chini, kakuna. Kafunga sanduku mwenyewe vizuri.

Rehema: Mama anasema Alhamdulillahi mara 3.

Zuhura: Safari ya treni ni ya muda wa saa 3 na dakika chache tu, usilale ukapitiliza. Tupo stesheni Saint-Charles, juu ya ngazi kubwa.

JUMAMOSI

Zuhura: [picha: Nuru kakaa kwenye mbuzi, miguu imening'inia]

Shangazi Saumu: Mashallah! Miguu haifiki chini!

Zuhura: Mama, hatua zote nimefuata. Katikisa mwenyewe, kasikia maji. Kavunja Hamza, kiunoni, kwa mgongo wa kisu kizito maana panga hatuna. Maji kanywa Nuru, kasema ni matamu "kidogo na chumvi".

Rehema: Mama anauliza kakunaje.

Zuhura: Mwanzo aliminya mno, nazi ikamruka kwenye zulia. Nikamshika mikono kwa nyuma, tukaanzia ukingoni tukaingia ndani taratibu. Kifuu cha pili kakuna peke yake. Kafika kwenye gamba kidogo, tui limeingia rangi.

Rehema: Anasema lake la kwanza lilikuwa jeusi kama maji ya ukwaju, na mama mkwe alilipika hivyo hivyo.

Zuhura: Na sikilizeni hili. Tulikuwa tumefungua mlango wa baraza kwa joto. Jirani wa juu, Mama Saidi, Mngazija wa Komoro, miaka 3 tunasalimiana kwenye ngazi, kachungulia chini kutoka kwake akapiga kelele: "Mbuzi!" Kausikia mlio. Kwao nako ni mbuzi, mnyama mbuzi na kifaa mbuzi. Nuru katoka mbio kumjibu: "Ndiyo! Mbuzi YA!"

Idi (Muskati): 😂 Mbuzi ya!

Zuhura: Kashuka na majani yake ya mhogo, wao wanaita mataba, ni kisamvu. Akakaa akakuna 2 kwa muda ambao sisi tulikuna 1. Samaki tumempaka ndani ya oveni, tui zito, ndimu, pilipili na tangawizi. Tulikuwa 5 mezani, hakikubaki kitu. Baba Nuru kafuta sahani kwa mkate, ule wenye ncha 1.

Nuru: [ujumbe wa sauti, sekunde 14]

Rehema: Mama anausikiliza mara ya 4 sasa. "Shikamoo bibi, mimi nimekuna, mkono inauma, kesho nakuna tena." Kasema "mkono inauma", mama hataki asahihishwe leo.

Rehema: Ila anauliza, machicha mmeyafanyia nini?

Zuhura: Yapo kwenye bakuli mama. Hatujatupa.

Rehema: Anasema vizuri. Yakamuliwe mara ya pili kwa maji ya vuguvugu, tui jepesi hilo la kesho la maharage. Na nazi zimebaki ngapi?

Zuhura: 3.

Rehema: Anasema kijana yuko juu ya mnazi.