Mrejesho: madoa ya kijani kwenye pesa ya Sayyid Barghash

Wakuu, niliuliza kama ukijani kwenye pesa, yaani sarafu ya shaba ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, ya 1299 Hijria (1882), ile yenye picha ya mizani, ni kutu au uchafu tu. Kumbe vyote viwili vipo.

Utando unaonata kando ya mizani umetoka kwa asetoni safi (kiyeyushi), ndani ya bilauri ya kioo, bila kusugua. Ni mabaki ya plastiki laini ya albamu ya sarafu. Dawa ya kutolea rangi ya kucha haifai, mara nyingi ina mafuta na manukato.

Doa la ukingoni halikutoka. Ni la unga, kijani mpauko, na ncha ya kijiti cha meno inazama: chini kuna kishimo. Hiyo ni kloridi (chumvi inayokula shaba), ikipata unyevu inaendelea kuchimba. Nimeiloweka kwenye maji yaliyokenekwa (yale ya kuongezea betri, siyo asidi!), nabadilisha kila siku. Ikikauka kabisa itakaa kwenye kopo lisilopitisha hewa, pamoja na silika jeli (chembe za kunyonya unyevu).

Mstari uliokatiza maandishi umeinuka, haukuzama. Basi ni ufa wa muhuri wa kupigia sarafu, si mkwaruzo. Ukahawia siugusi, shaba ikishang'arishwa ikawa ya waridi, mnunuzi makini anaikimbia.