Bustani za Waaborijini: wanafunzi wakiondoka, nani atamwagilia?

Swali
Ndugu wanajamvi, ninasoma shahada ya kilimo mjini Adelaide, Australia, na kikundi chetu kimealikwa kusaidia bustani ya mboga katika kijiji cha Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hii, kilicho mbali na mji wa Alice Springs, ambako duka ni moja na mboga husafirishwa kwa lori mamia ya kilomita, zikafika zimenyauka na bei imepanda. Tumepanga kwenda Desemba kwa wiki tatu, kwa kuwa ndiyo likizo yetu ndefu. Tujiandae vipi ili kazi yetu iwafae wenyeji?

Jibu la kwanza
Desemba haifai. Huko ni kiangazi, joto hupita nyuzi 40, na miche ya spinachi mtakayopanda itaungua kabla hamjafunga mizigo. Nendeni likizo ya Juni au Julai, lakini mbebe nguo nzito, maana usiku umande huganda. Kibali cha kuingia kiombwe mapema, kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi ya Northern Territory, eneo uliko mji wa Alice Springs, ilirudishwa mikononi mwa wenyeji kwa sheria ya mwaka 1976. Kukitokea msiba, shughuli husimama, na mgeni hukaa pembeni hata kama safari yake ya kurudi ni kesho.

Jibu la pili
Ndugu, niliwahi kwenda na kikundi kama chenu. Tulitengeneza matuta, tukapanda biringanya bila kumuuliza mtu yeyote kama anazila, tukapiga picha, tukaondoka. Miezi michache baadaye nilisikia kwamba mirija ya kumwagilia kwa matone imeziba kwa chokaa ya maji ya kisima, na hakuna tuliyekuwa tumemwonyesha namna ya kuizibua.

Msidhani mnawapelekea jambo geni. Ntaria, kijiji cha Waaborijini magharibi mwa Alice Springs kilichoanza mwaka 1877 kama misheni ya Walutheri kutoka Ujerumani (ndiyo, Walutheri hao hao tunaowajua nyumbani), kilipigwa na ukame mwishoni mwa miaka ya 1920, na watu wengi, hasa watoto, wakafa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa mboga na matunda. Bustani ya huko ilitengemaa baada ya bomba kuvuta maji kutoka chemchemi ya Kaporilya mwaka 1935. Kwa hiyo anzeni na maji, kisha ulizeni ni mwenyeji gani atakayeitunza bustani Januari, na nani atamlipa. Mkikosa jibu, ahirisheni upandaji, mtengeneze mabomba na kivuli.

Aliyeuliza
Nawashukuru. Tumehamishia safari Julai, na barua ya kumuulizia mtunzaji imeshatumwa. Hiyo chokaa huondolewaje?

Jibu la pili
Siki. Ijazeni kwenye mirija usiku kucha, asubuhi mfungue ncha zake na kusukuma maji kwa nguvu. Kazi hiyo aifanye mtunzaji mwenyewe, ninyi mshike ndoo.