Vigae vya Winchester: vikanyagwe au vifungiwe kamba?

MwashiMkuu: Wakuu, nyuma ya madhabahu ya Kanisa Kuu la Winchester, Uingereza, kuna sakafu ya vigae vya karne ya 13, vyekundu vyenye michoro myeupe. Watalii wanavikanyaga tu. Mimi nasema vifungiwe kamba. Na wenzetu hawa nao, kuingia na viatu nyumba ya ibada, kokoto zote za barabarani humo humo!

MamaNeema: "Wenzetu" ndio akina nani? Mimi Mlutheri, naingia na viatu vyangu vimepigwa rangi, na mchungaji hajanifukuza.

Abuu_Tanga: Dada, Musa aliambiwa avue. Tena imo kwenye kitabu chenu.

MamaNeema: Aliambiwa kichakani, sheikh, si kanisani.

Kinyozi wa Hoja: Mbona kanisa la Westminster, London, walivuliwa? 2023, baada ya mfalme kutawazwa, watalii walikanyaga vigae vile kwa soksi.

FundiTanuri: Acha kuchanganya mafaili. Ile ya soksi ni sakafu ya mawe na vioo, ya 1268. Vigae viko ukumbi wa mikutano wa watawa, humo humo Westminster, vya miaka ya 1250, enzi za Mfalme Henry wa 3. Vimepona kwa sababu ukumbi uligeuzwa stoo ya nyaraka za serikali, vikafunikwa mbao.

Kinyozi wa Hoja: Haya profesa. Soksi ni soksi.

FundiTanuri: Kigae kile si rangi ya kupaka. Udongo mwekundu ungali mbichi unagongwa muhuri wa mbao, shimo linajazwa udongo mweupe, juu glezi (maji ya kung'arisha yenye madini ya risasi), kisha tanuri. Glezi ikilika mchoro bado upo, lakini ule weupe ni milimita chache tu. Ukiisha, umeisha.

MwashiMkuu: Ndiyo hoja yangu! Kamba!

Abuu_Tanga: Hoja yako ilikuwa viatu, ndugu.

Mjukuu_wa_Pwani: Mnalaumu viatu, Mfalme Henry wa 8 aliyefunga nyumba za watawa je? Abasia ya Chertsey, nyumba ya watawa huko huko Uingereza, ilifungwa 1537 ikabomolewa. Vigae vyake vya Tristan na Isolde, wale wapenzi wa hadithi za kale, leo ni vipande, viko British Museum.

MamaNeema: British Museum tena! Hata vyao wenyewe wanajichukulia.

Abuu_Tanga: Hahaha. Ila tusicheke sana. Makaburi ya Kunduchi hapo Dar yalipambwa sahani za Kichina. Nendeni mkahesabu matundu yaliyobaki ukutani. Hakuna Mzungu mwenye viatu aliyezikanyaga ukutani.

MwashiMkuu: Unataka kusema waling'oa wenyeji?

Abuu_Tanga: Nimesema matundu. Wewe ndiye umetaja wenyeji.

MamaNeema: Mwashi, ulianza na Wakristo, sasa umehamia watu wa Kunduchi. Kesho ni zamu ya nani?

FundiTanuri: Kuhusu Winchester, zulia linatosha pale wanapopita wengi. Kuna mtu anasoma kweli?

Kinyozi wa Hoja: Zulia kwa viatu au kwa soksi?